Mkanda wa Saa ya Harusi

Kimara, Dar es Salaam
Alhamisi, baada ya misa ya asubuhi

Mdogo wangu mpendwa Sesilia,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeitikia, na najua shikamoo yako imetangulia kabla hujaichana bahasha. Marahaba, mdogo wangu. Nipe habari za magoti yako, kama yamekubali kuteremka ufukweni tangu mvua zikatike, na kama dagaa wetu wa usipa mwaka huu wamepatikana wa kuanika. Mimi mwili ni mzima kwa kadiri ya umri wangu. Jicho la kulia bado lina ukungu. Daktari amesema niwe na subira, nami subira ninayo, maana huku sina kazi nyingine.

Uniwie radhi kwa kukuandikia badala ya kupiga simu. Katika nyumba hii simu huzungumziwa sebuleni, na hili ninalotaka kukueleza si adabu kulisema mbele ya mwanangu Deo na mkewe, ambao wananilisha na kunitibu. Nimeomba barua iende na basi la Mbinga, na jamaa wa pale stendi wakuteremshie Lituhi. Ukiikuta bahasha imevimba, usidhani ni fedha. Nitakueleza kilichomo.

Habari ni ya ile saa.

Uliponiambia baada ya Pasaka kwamba mjukuu wako Menasi anaoa kwetu Kigonsera kahawa ikishachumwa, na kwamba ungependa avae saa ile ile aliyoivaa marehemu mumeo Kastori siku mlipofunga ndoa, nilikujibu bila kufikiri: "Hiyo imekwisha kuwa yake." Nilifurahi mno. Tangu Gaudensia wangu aage dunia, hakuna mtu aliyekuwa ameniomba kitu ambacho mimi ninacho.

Unazikumbuka zile saa zangu kwenye mkebe wa biskuti. Kila msimu wa kahawa malipo yakitoka nilikuwa nikipanda Mbinga kwa yule fundi wa barazani, nikinunua moja kati ya zile ambazo wenyewe walizileta kutengenezwa wasirudi tena. Hazikuwa na faida yoyote. Mtu mmoja ana mkono mmoja wa kuvalia saa. Lakini jioni baada ya rozari nilizitoa nikazitia ufunguo moja moja, na Gaudensia akiniuliza kutoka jikoni, "Baba Deo, watoto wako wameshakula?" Nami nilimjibu wameshiba. Kisha tulikaa kimya tukizisikiliza, hakuna hata mbili zilizokubaliana. Majirani walisema Mwalimu ana saa nyingi kuliko parokia na bado anachelewa misa. Ilikuwa kweli.

Na ile yenye uso wa dhahabu ilikuwa ya bwana harusi yeyote aliyeiomba. Hukuwahi kusikia nikimnyima mtu. Alikuja Ijumaa na kuku au na mkono mtupu, akaondoka nayo, akaoa nayo, akapigwa nayo picha, akairudisha baada ya siku ya shukrani. Katekista alikuwa akisema mlangoni mwa kanisa, "Leo saa ya Mwalimu inaoa tena. Hii nayo haitosheki?" Kila mkono ulikuwa na unene wake, na kila bwana harusi aliutoboa mkanda pale palipomfaa. Mumeo ndiye alinitia mashaka, alivyotoka ziwani akiwa amekondeshwa na homa. Saa ilimteremka hadi kwenye kiwiko. Gaudensia aliichoma sindano ya viatu motoni akamtobolea tundu jipya karibu kabisa na bizimu, wewe ukiwa ndani unalia kwamba mnachelewa, na Kastori akasema, "Nifungeni vizuri, isije ikaenda kuoa peke yake." Nadhani ulimsikia, maana uliacha kulia.

Sasa, Deo aliponileta huku alichukua mkebe wote. Alisema unyevu utaziharibu, nami niliona ni upendo, nikamshukuru. Alizipeleka kwa mtu azitazame. Aliporudi alikuwa amebadilika, ananiita Baba kwa sauti ya chini kama mtu aliyegundua maji shambani. Alizifungia kwenye kasiki. Nilipomwomba nizitie ufunguo jioni, alikataa kwa heshima zote: kila zinapotembea zinachakaa, na kila zinapochakaa bei inashuka.

Nikamwambia habari ya Menasi.

"Baba, Menasi nitamnunulia mimi mwenyewe saa mpya ya betri. Nzuri kabisa."

"Hakuomba mpya, mwanangu."

"Ile siyo saa ya kuvaa tena. Ile sasa ni kama kiwanja. Kiwanja unakivaa?"

"Kiwanja kisipolimwa kinaota nyasi," nikamjibu.

Akacheka, akamtazama mkewe. "Hiki kinaota bei, Baba. Wewe tulia tu."

Nilitulia. Nilidhani baada ya siku chache ningerudia ombi langu kwa maneno mazuri zaidi. Jumapili iliyopita akaja mgeni, mtu mstaarabu sana. Alinipa shikamoo akiwa ameinama, akavaa glavu nyeupe kama za mbeba msalaba. Deo aliitoa ile ya uso wa dhahabu na kuilaza juu ya kitambaa mezani. Kisha akaniambia, mbele ya mgeni, "Baba, mweleze historia yake."

Sesilia, sikujua. Tangu nije hapa hakuna aliyewahi kuniambia nieleze jambo lolote. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, kama nilivyokuwa nikifundisha darasani. Nilieleza mabwana harusi, na maneno ya katekista, na mumeo na homa yake, na sindano ya moto. Hata nilimwiga Kastori. Yule mgeni alisikiliza akitikisa kichwa, mkwe wangu aliacha kumimina chai, nami nikajiona niko kwetu. Nilipomaliza mgeni akamgeukia Deo akasema, "Hii historia inaiongezea thamani. Nitapandisha kidogo." Deo akanipiga begani kwa furaha.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi niliyokuwa nimeifanya.

Mgeni akanitazama, nadhani alikuwa mtu mwema, akauliza, "Na wewe mzee, umeridhia?"

Ningeweza kusema hapana. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini tulilelewa misheni kwamba mtoto haumbuliwi mbele ya mgeni, wala mgeni hafukuzwi na chai ikiwa mezani. Na mwanangu alikuwa ananitazama kama alivyokuwa akinitazama akingoja matokeo ya mtihani. Nikasema, "Nimeridhia." Nilisema na "asante" juu yake. Adabu hiyo walinifundisha kwa fimbo, na imenitii hadi siku ambayo sikuihitaji.

Niliomba jambo moja tu, niitie ufunguo mara ya mwisho. Mgeni alisita, akaniruhusu. Niliisikia ikianza. Nikamuuliza huko inakokwenda ataivaa nani.

"Hapana mzee, haivaliwi. Itakaa kwenye kabati la kioo, pamoja na nyingine."

"Na ufunguo?"

"Hatuzitii. Zinapumzika."

Basi nadhani ilisimama Jumatatu jioni, na haijui kwa nini.

Kabla ya kuifunga saa, mgeni aliufungua mkanda, akauinua kwa vidole viwili, akasema, "Huu si wake wa asili. Na umetobolewa tobolewa, kama chujio." Akauweka kwenye sahani yenye maganda ya karanga. Mkwe wangu akakusanya vyombo, akaumwaga pamoja na majani ya chai. Nilisubiri mgeni aagwe na kusindikizwa hadi getini. Kisha nilikwenda jikoni nikautoa kwenye ndoo ya taka, nikausuuza, nikaukausha dirishani mwa chumba changu.

Ndio huo uliomo katika bahasha hii. Lile tundu lililo karibu kabisa na bizimu, lenye ukingo mweusi wa kuungua, ni la mumeo. Kama Menasi amerithi mkono wa babu yake, litamwenea pale pale. Afungie saa yoyote. Hiyo ya betri aliyoahidiwa inatosha. Na kama mkono wake ni mnene, atoboe lake, nafasi bado ipo.

Ninakuomba radhi, mdogo wangu. Nilikuahidi saa, na ninakuletea ngozi.

Nina ombi moja zaidi. Deo atanileta harusini kwa gari lake, na atachangia vizuri, nina hakika. Usimwambie neno. Mpokee kama mtoto wa nyumbani, mpe samaki wa mbasa mwenye kichwa kama anavyopenda. Yeye hadi leo anaamini amenitendea mema. Jana ameninunulia koti na kusema limetoka kwenye ile saa.

Nisalimie wifi zako wa ufukweni, na yule jirani yetu wa Kigonsera anayefagia kaburi la Gaudensia. Mwambie halijasahaulika na mimi, hata kama mimi sionekani. Msalimie bwana harusi wetu, na umwambie ajifunze kuongea kidogo kanisani na sana nyumbani. Magoti yako yapake mafuta ya nyonyo usiku.

Nitakuja nimevaa koti, na mkono utakuwa wazi. Yule mzee katekista bado yuko hai, nawe wamjua. Atasimama pale mlangoni na kuuliza saa ya Mwalimu iko wapi. Uniache nimjibu mwenyewe. Usinisaidie.

Ni mimi kaka yako, ninayekuombea kila jioni baada ya rozari, wakati ule ule wa zamani,

Bonaventura