Mukono ya Papa

Masisi

Kaka Valens,

Amani ya Bwana ikufikie huko Walikale. Huku mvua haiachi, maharagi inaozea shambani, ila ngombe ya Mama imezaa vizuri.

Ateliye ya Papa, pale alikuwa anatengenezea taa, tumefunga. Zile taa za studio zenye Papa alianza kuzitengeneza na bidoni tupu za maziwa mpaka wapiga picha wa Bisie, kule kwa migodi, wakazinunua, njo zilimuua. Jumanne jioni alikuwa anajaribu taa mupya inje, na mwavuli mweupe wa kurudisha mwanga nyuma yake, kama siku zote. Watu wa bunduki wakasema anaonyesha droni njia. Tulimuzika Alhamisi.

Mama anataka picha yake kwa musalaba wa kaburi. Nimetafuta nyumba nzima. Alimulikia watu wa Masisi yote wakipigwa picha, lakini yeye mwenyewe hakusimama mbele ya taa hata siku moja. Iko moja tu, ile ya ndoa yako: pembeni kabisa, mukono yake imeshika taa.

Ikate, umupe mutu wa pikipiki ailete. Na usiniambie eti iko aibu kuweka mukono kwa musalaba. Kila mutu huku aliwahi kuiangalia akiambiwa asitikisike.

Dada yako mwenye anakungoja,
Emérita