Gari la Babu Lilivyowahi Kufika Jambiani

Mpendae, Unguja
Jumapili

Kwa dada yangu mpenzi Ruqaya,

Assalaamu alaykum, na shikamoo. Nnataraji karatasi hii itakukuta u mzima, wewe na shemeji Hamed na watoto, na kwamba joto la Maskati limeanza kuwaonea huruma. Sisi huku tupo. Presha ya mama imetulia tangu abadilishiwe dawa, na vitumbua anavyokatazwa bado anavila kwa siri. Usishangae kuona barua badala ya simu. Simu yako husikilizwa na nyumba nzima, na haya ya leo nnataka uyasome peke yako. Nnampa Biasha, jirani yetu, anayesafiri kuja huko Alkhamisi.

Ulisikia kwamba mdogo wetu Turki kashinda mbio za magari na siku hiyohiyo kamgonga mwanamke. Hivyo ndivyo tulivyokwambia, na bas. Sasa nnakueleza mwanzo wake.

Kuna bwana mmoja, Sami, mwenye hoteli kule pwani ya kusini. Huyo ndiye aliyeanzisha mbio za magari yaliyotengenezwa kabla ya vita vya Hitla. Yalipatikana sita, mawili yaliletwa kwa meli. Kwa kuwa hayalingani nguvu, walifanya hivi: kila gari lilipimwa mwendo wiki tatu kabla, kisha dhaifu likapangiwa kutangulia na lenye mbio likangojeshwa nyuma, ili mwisho yote yakaribiane. Lile gari la marehemu babu, la mwaka thelathini na sita, unalikumbuka limefunikwa turubali kule Kikwajuni? Nililifufua mimi mwenyewe. Siku ya kupimwa halikupita kilomita thelathini na tano kwa saa, na lilitoa moshi kama jiko la makumbi. Watu walicheka. Tukaambiwa tutatangulia sisi, kutoka mjini saa mbili asubuhi, na gari la mwisho litatoka dakika arubaini baada yetu.

Barabara haikufungwa. Ni hiihii ya Tunguu, Jozani na Paje, wanayopita watoto wa skuli na wenye ng'ombe. Ilipita gari ya kipaza sauti tu, ikawaamrisha watu wa shamba wafunge mbuzi wao na washike watoto wao. Bwana Sami alisema watu wa shamba ukiwapa bendera ya kupepea watakushukuru mwaka mzima. Nilicheka naye.

Siku yenyewe Turki ndiye aliyeshika usukani, mimi nimekaa pembeni yake. Tulipotoka Tunguu gari likaanza kukimbia. Turki akapiga kelele za furaha, akaniuliza, "Kaka Munir, umelifanya nini gari la babu?" Nikamjibu kwamba nimesafisha kabureta. Akaniamini, maana yeye kazi yake ni bandarini na mafuta ya gari hayajui ila kwa harufu.

Tuliingia Jambiani kwa kasi ya tisini. Kando ya lami palikuwa na mwani umeanikwa, na mwanamke kainama anaukusanya kwenye polo. Alinyanyua uso akatuona. Turki alikanyaga breki kwa miguu yote miwili, breki zikalia tu, gari likaenda vilevile. Sauti ya mtu kugongwa sitakuandikia. Na gari, dada, halikusimama. Liliteleza mpaka likavuka kamba ya mwisho wa mbio mbele ya hoteli ya Bwana Sami, hatua mia moja kutoka pale, na mwenye bendera akaishusha. Ndivyo tulivyoshinda.

Jina lake Mwanakhamis Pandu, ana watoto wanne. Walimpakia kwenye gari ya samaki kumpeleka hospitali. Nilidhani kila kitu kitasimamishwa. Bwana Sami akasema tusiharibu siku, wageni wametoka mbali. Mtu wa hoteli akaja na ndoo na sabuni akaosha taa ya mbele na madigadi ya gari ili lipigwe picha, maji mekundu yakaingia kwenye mchanga, na wageni wakasogeza viti vyao pembeni wasirowe viatu. Mtoto mkubwa wa yule mama alikuja kuuliza mama yake kapelekwa wapi. Walimpa kanga mbili zenye picha ya magari, wakamwambia aende nyumbani.

Turki alikwenda kutapika nyuma ya jiko na akakataa kushika kombe. Nililishika mimi. Na nikala. Kamba wa nazi, sahani mbili, na nikajipangusa mdomo kwa kitambaa cheupe. Nimewachukia wale watu wote, dada, nawaona kama funza, lakini nilikaa nao meza moja na nikaomba niongezewe.

Baada ya siku tatu tukasikia mguu wake wa kushoto umekatwa chini ya goti. Turki akafunguliwa kesi ya kuendesha kwa uzembe. Kamati ya mbio ikaandika karatasi kwamba mwanamke yule alidharau tangazo na kukaa njiani kwa makusudi, wakaniletea nitie saini kama shahidi. Walisema itamsaidia ndugu yangu. Nikatia.

Ijumaa baada ya sala nilikwenda kumtazama hospitali. Nilibeba machungwa, kama mtu aendaye kumjulia hali mgonjwa wa homa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba. Aliponijua hakunitukana. Aliniambia kwa sauti ya mtu anayetaka kufahamu jambo: "Mwanangu, mimi sikudharau tangazo. Nililisikiliza nikalishika. Walisema gari la kwanza haliwezi kufika kwetu kabla ya saa tatu u nusu. Nami nilitazama saa kwenye simu, ilikuwa saa tatu na dakika tano. Nikasema ntaondoa mwani wangu mapema, nisiwasumbue watu. Nyinyi mlitokea wapi?"

Niliyaacha machungwa juu ya kitanda nikatoka. Swali lake nnakujibu wewe.

Gari lile lilipopimwa lilikuwa na injini yake ya asili. Walipokwisha kuandika mwendo wake, niliitoa. Nikatia injini ya gari ya juzijuzi niliyoinunua kwenye gereji ya Amani, nikaipaka masizi na kutu isitambulike. Nilifanya kazi hiyo siku kumi, mlango umefungwa. Breki nikaziacha zilezile za babu, kwa sababu breki haziwezi kukushindia mbio. Nilitaka wale waliocheka wanione. Saa waliyotangaziwa watu wa Jambiani ilitokana na uwongo wangu, na Mwanakhamis aliamini saa ile. Turki hakujua. Usiku na mchana anajilaumu, hali chakula, anasema laiti angekata usukani upande wa pili.

Leo asubuhi nimemwambia. Alikuwa anakunywa chai. Aliuliza jambo moja tu: "Ulijua breki zile haziwezi kulisimamisha?" Nikasema, naam, nilijua. Aliweka kikombe chini polepole, akavaa viatu, akaenda Jambiani kwa watoto wa yule mama. Hakunitazama. Mama kanitazama kwa niaba yake, ingawa bado hajui kwa nini.

Kesho saa mbili ntakuwa kituo cha polisi. Nimewaita waje Kikwajuni wafungue boneti wenyewe, na nimeandika kuwa ile karatasi niliyoitia saini ni ya uwongo. Kamati imenipigia simu mara tano. Wanasema nnawachafulia jina. Kombe nimelipeleka gereji kwa mwenye kuyeyusha vyuma, lakini amelikataa. Kasema ni bati tupu lililopakwa rangi.

Dada, usinitafutie wakili wala usinitetee kwa mtu. Ukitaka kufanya kitu, mfanyie Mwanakhamis, maana mwani hauvunwi na mtu asiyeweza kusimama majini.

Msalimu shemeji, wabusu watoto, na mwombe Biasha akwambie alivyomwona mama kwa macho yake, usiniamini mimi.

Ni mimi mdogo wako,
Munir