Mtandao Ukikatika

Chumba cha Mapokezi,
Jumamosi asubuhi.

Mpendwa Mama Pacha,

Salamu nyingi zikufikie hapo nyumbani, wewe na baba watoto na hao pacha wako ambao hadi leo sijui yupi ni yupi. Natumaini mgongo umepoa, na yule mkubwa, anayejisifia ukubwa wa dakika kumi na tano, ameacha kukohoa. Mimi mwili ni mzima. Kichwa ndicho sina uhakika nacho. Wiki hii nimeelezwa mambo mengi ya umeme, hata swichi ya taa siku hizi naibonyeza kwa wasiwasi.

Najua umeshangaa kuuona mwandiko wangu baada ya wiki saba za kimya. Nina jambo la kukwambia na sijui nilianzie wapi, kwa hiyo naanza na habari za kazini. Ukichoka ruka, lakini mwisho usiuruke.

Tangu uambiwe ukae nyumbani kupisha uchunguzi, dirisha la chanjo limefungwa. Akina mama wanakuja na watoto mgongoni, wanasoma karatasi niliyoibandika mlangoni, wananiuliza yaleyale yaliyoandikwa, kisha wanashika njia kwenda kituo cha pili, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Wengi wanakuulizia. Nawaambia uko likizo. Wananitazama tu, maana kila mtu anajua kwamba chanjo ziliharibika na kwamba ufunguo wa chumba kile ulikuwa wako.

Sasa sikia ya Jumanne. Saa saba mchana nilikuwa nanakili rejista ya wajawazito, na jua lilikuwa kali mpaka ng'ambo ya barabara hapatazamiki. Mara feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Kompyuta ikazimika na kazi yangu ya asubuhi nzima. Nikatoka nje. Paneli zetu za umeme wa jua ziko palepale juu ya bati, zinang'aa, hakuna wingu hata la kusingizia. Mlinzi akaniambia umeme umekatika mtaa mzima, hata saluni ya jirani wamewaacha wateja na nywele mbichi. Nikamjibu kwamba hayo ni ya saluni, sisi tunatumia jua. Akaniuliza, kwa adabu zake zote, kama tunatumia jua mbona nimetoka nje kujipepea kwa faili.

Nikarudi ndani, nikafungua chumba cha chanjo. Friji iko tupu siku hizi, lakini Daktari aliagiza iachwe ikiwaka. Ilikuwa kimya kabisa. Waya umechomekwa vizuri, na hakuna aliyeugusa kwa sababu ufunguo sasa ninao mimi. Nikakaa kwenye kiti chako.

Mama Pacha, hapa naomba niandike yote kwa mpangilio. Najua hujasahau hata moja. Ni mimi niliyepotea, na nikiandika naona njia.

Ijumaa ile ulifunga chumba, ukaandika kwenye daftari kwamba joto la friji liko sawa, ukaenda zako. Jumatatu asubuhi ulifungua ukakuta friji inanguruma kama kawaida, lakini ile alama kwenye vichupa imebadilika rangi, maana yake chanjo zilikaa kwenye joto muda mrefu. Ukaniita nije nione. Ulikuwa unalia. Halafu ikaja kamati ya watu watatu. Mlinzi akawaambia kwamba umeme wa mtaa ulikatika Jumamosi ukarudi alfajiri ya Jumatatu. Mwenyekiti akamwambia kwamba kituo hiki kina paneli, na kukatika kwa umeme ni shida ya wasio nazo. Sote tukaitikia kwa vichwa. Hata wewe nilikuona ukiitikia kwa chako. Basi ikabaki kwamba lazima ni mkono wa mtu.

Wakaniita mimi. Wakaniuliza kama niliwahi kuona waya wa friji ukichomolewa. Nikasema ndiyo, mara moja, wakati wa mvua, Mama Pacha aliuchomoa achomeke birika. Sikusema kwamba uliuchomoa kwa dakika nne. Sikusema kwamba kikombe cha kwanza cha chai ile nilikinywa mimi. Hawakuniuliza, nami nikajiona shahidi hodari, najibu nilichoulizwa tu. Na moyoni, mwenzangu, niliamini kwamba ni wewe. Nilijiambia umesahau, umechoka, una pacha. Nilikuhurumia kama mkosaji, na hilo naona ni baya kuliko kukusema.

Jumatano akaja fundi aliyetufungia zile paneli, yule mwenye kofia ya manjano anayepanda ngazi akiimba. Nilikuwa nimemwandalia maswali, kama tunavyowaandalia wakaguzi. Nikamuuliza kwanza kama jua la Jumanne lilizidi ukali likaziunguza. Akaniambia paneli hazili joto, zinakula mwanga, na kwamba joto likizidi zinafanya kazi kwa uvivu kidogo, kama watu. Hata siku ya mawingu zinatoa chochote. Nikamuuliza umeme wa mchana tusioutumia unakwenda wapi, maana mimi nilidhani unabaki humo humo ndani ya paneli ukisubiri jioni. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema paneli haina tumbo. Umeme ukitoka unatumika saa hiyo hiyo, na unaobaki unapita kwenye mita kwenda kwenye nyaya za mtaa, wanautumia majirani. Kumbe miezi yote hii saluni wanakausha nywele kwa jua letu, na salamu zenyewe hawatupi!

Nikamuuliza, sasa kama jua lilikuwepo na paneli ni nzima, mbona friji ilizimika? Akaniambia ndivyo ilivyotengenezwa. Kile kisanduku cheupe ukutani, wanachokiita inverta, kinasikiliza nyaya za barabarani. Kikisikia hazina umeme, kinazima na umeme wetu papo hapo. Maana kule juu ya nguzo kuna mtu anatengeneza, ameambiwa nyaya zimekufa, na umeme wa bati letu ukimfikia utamuua. Ili kituo kiendelee kuwaka chenyewe bila kumdhuru yeyote, lazima kuwe na betri, na swichi ya kututenga na barabara. Usiku na mchana, mtaa uzimike usizimike, friji ingefanya kazi.

Nilimwomba anieleze mara tatu. Mara ya tatu alichora kwenye nyuma ya kadi ya kliniki. Bado nikamwambia sielewi: mtu ana kisima uani kwake, atakosaje maji kwa sababu bomba la mtaa limekauka? Akajikuna kichwa, akasema, Dada, lakini haya yote nilikwambia.

Nikamwambia hakuniambia. Akasema aliniambia kwenye simu, kabla ya kufunga, wiki ile Daktari alipokuwa masomoni na kila kitu kikaachiwa mapokezi. Akafungua mkoba wake, akatoa fomu. Mwandiko ni wake, sahihi chini ni yangu, nilikuja kuitia siku ya kukabidhiwa bila kuisoma. Mimi, ambaye humrudisha mgonjwa foleni kwa kusahau tarehe ya kuzaliwa! Penye swali la betri ameandika: karani anasema mtandao si tatizo, betri haihitajiki.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Aliniambia, kwa maneno yake haya haya, kwamba mtandao ukikatika paneli nazo zinajizima, je tunaweka betri au hatuweki. Nami nikamjibu kwamba mtandao hapa ukipatikana ni bahati, hata leo haupo, na kazi tunapiga vilevile. Tukacheka wote wawili. Yeye alikuwa anasema mtandao wa umeme, nguzo na nyaya zote za nchi nzima. Mimi nilikuwa nafikiria mtandao wa simu, ule unaotuangusha kila tukituma ripoti ya mwezi. Alidhani natania. Nilidhani ananiuliza kama tuna intaneti. Neno moja, Mama Pacha, nimelitumia tangu utotoni, na wewe ndiye umekaa nyumbani wiki saba kwa ajili yake.

Ningeweza kuishia hapo. Ingekuwa hadithi nzuri, watu wangecheka, wakasema masikini karani, lugha ilimponza. Fundi mwenyewe ndivyo alivyonifariji. Lakini si yote, na yaliyobaki sijamwambia mtu.

Kwenye simu ile ile fundi aliendelea kusema kwamba betri inahitaji chumba chenye hewa, karibu na kile kisanduku cheupe, na kwamba chumba kinachofaa ni kimoja tu, stoo yangu ya mafaili. Mama Pacha, unaijua stoo ile. Ndipo mahali pekee kwenye kituo hiki ninapofunga mlango. Nilipofiwa na mama nililia humo. Nilitaka kumuuliza fundi kitu kingine, nakumbuka kabisa kwamba kuna jambo halikuniingia akilini, kwamba intaneti na bati vinahusiana vipi. Swali lilikuwa mdomoni. Nikaliacha kwa sababu nilihofia jibu litanihamisha stoo. Kwa hiyo kutoelewa kwangu, nusu yake nilijitakia.

Alhamisi nilimpelekea Daktari ile fomu. Alisoma, akafuta miwani. Akasema tusikuze mambo, ataandika kwamba ilikuwa hitilafu ya kiufundi, wewe utarudi baada ya mwezi au miwili, na jina la mtu halitatajwa. Sitakudanganya, nilifurahi. Nilimshukuru. Nilifika mpaka nyumbani nikiwa mwepesi. Nilipovua viatu ndipo nikaelewa, na ni jambo la pekee nililolielewa wiki nzima bila kuchorewa, kwamba hitilafu ya kiufundi haifuti maneno yangu. Birika lingebaki kwenye faili lako mpaka ustaafu. Siku yoyote kitu kikipotea au kikiharibika, wangelifungua na kukukuta humo, kwa ushahidi wangu.

Jana nilikwenda kwa mwenyekiti wa kamati mwenyewe. Nimeandika maelezo kurasa mbili, simu, fomu, stoo, chai na zile dakika nne, nikatia sahihi baada ya kusoma safari hii. Alisoma akaniuliza kama najua ninachofanya. Nikamwambia sijui vizuri. Akaniambia niondoke, nisubiri barua. Wewe utaitwa Jumatatu urudi kazini, na maneno yangu ya mwanzo yataondolewa. Mimi nimeambiwa nikabidhi funguo siku hiyo hiyo nikae nyumbani, kupisha uchunguzi. Kwa hiyo huenda tukapishana getini, nami sikutaka hapo ndipo pawe mahali pa kuyasikia haya.

Limebaki moja, nalo ndilo lililonitesa kuliko yote. Wiki ile ya kamati ulinipigia simu mara tatu. Kesho yake nilimtuma mlinzi akwambie kwamba huku mtandao ulikuwa unasumbua. Haukusumbua. Simu iliita mezani mbele yangu, jina lako likiwaka, na mimi nimekaa naitazama mpaka ikanyamaza. Mara zote tatu.

Nisalimie baba watoto, uwaambie pacha shangazi yao anawapenda, hata kama anawachanganya. Sikuombi msamaha kwenye karatasi, ni rahisi mno. Ukipiga mara ya nne nitapokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza. Na usipopiga, hilo nitalielewa mwenyewe, bila fundi.

Wako niliyekukosea,
Bi Faili.