Mkebe wa Jinsengi Umefika Ikwiriri

Mdogo wangu Zuhura,

Jua la huku linachoma, lakini kinachonichosha ni ule mkebe wako wa jinsengi, hiyo mizizi ya dawa ya Kichina. Shangazi aliposomewa tu karatasi iliyokuja nao, kwamba dawa hiyo inaua saratani, akatangaza kwamba hospitali ya Utete haendi tena.

Nikamwambia, "Shangazi, viambata vya mzizi huu vimeua seli za saratani kwenye vichupa vya maabara. Kwa watu bado wanachunguza."

"Kama vimeweza chupani, titi langu limezidi nini hiyo chupa?"

Kisha jirani akaja kumjulia hali, na unamjua shangazi, hanywi kitu mbele ya mgeni bila kummiminia. Akachemsha sufuria nzima. Siku ya pili baraza lilijaa watu wasioumwa chochote, kila mmoja na kikombe, na mgonjwa mwenyewe akaambulia nusu! Leo mkebe umekwisha, ndipo amekubali shingo upande twende Utete kesho.

Uvimbe umekua kuliko ulivyouona sikukuu ya Idi, Zuhura. Nibusie watoto, muombee shangazi, na nakusihi, usitume mkebe mwingine.

Dada yako,
Mwanahawa