Njia ya Machimboni

Binamu mpendwa,

Shangazi hajambo, anakupongeza kwa kazi mpya ofisini kwa mkuu wa chuo. Baiskeli yako kuukuu ya milimani, isiyo na springi hata moja, bado inanishusha mlimani na vipeperushi vya mgomo. Kila jiwe nalisikia menoni.

Jumamosi, mwisho wa mteremko niliokuonyesha wewe tu, walinzi wa chuo walikuwa wameketi wakiningojea.

“Umechelewa, mwanamapinduzi,” mmoja alisema, akanipokonya mkoba.

Wakinikamata tena, nafukuzwa chuo. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Lakini mimi nakataa kumhukumu ndugu kwa methali.

Jumamosi ijayo nitashukia machimboni, saa kumi na mbili asubuhi. Nimekuambia wewe peke yako.

Nduguyo, mwenye imani iliyobaki.