Sangala Mwenye Kukata Nyavu ya Bwana Yangu

Mushauri mupendwa, naomba unisaidie, na unisamehe maandiko, minye niliishia mwaka ya pili kwa masista, jirani yangu Célestine njo angeniandikia lakini huyo ukimwambia kitu asubuhi, saa sita Uvira yote inajua, na minye vile vile niko hivyo, siwezi kudanganya, njo maana hii mambo inanishinda, ni siri ya kwanza nimeshika mu maisha yangu.

Minye nafunga shanga na bikomo, zile bangili za mukono, hapa Rugenge. Mbele ya dipanda, ule uhuru wetu, tulikuwa tunapata shanga na uzi mu maduka, kisha vita ya waasi wa Mulele ikakuja, wenye maduka wakakimbia, nikabakia na mbegu za miti ya kule Runingu na mifupa ya samaki, na mabibi-arusi wanazipenda sana, lakini uzi njo matata. Nilijaribu kamba ya mugomba, shanga ya bibi-arusi mumoja, Marie-Jeanne, ikakatika mu misa, mbegu zikakimbia mpaka chini ya kanzu ya padri, watoto wakazifuata huko huko. Basi siku moja bwana yangu amelala muchana, weye unajua wavuvi, usiku wanakuwa mu ziwa, nikatazama nyavu yake ya nailoni, nikasema nikate kidogo tu pale katikati. Nikakata. Ikawa shanga nguvu, hata mutoto akiningʼinia haikatiki. Nikarudilia kukata, tena na tena.

Kumbe yeye akiona tundu anasema ni sangala, ule samaki mukali wa ziwa, tena mukubwa. Mushauri, huyu mutu tangu mutumbwi yake ichomwe mu vita alikuwa ananyamaza, anakula ananyamaza, nikimuletea habari za watu, hata zile tamu, hasikilize. Sasa anaongea! Anashona tundu akicheka, anapima urefu ya hiyo samaki na mikono, na kila juma mikono inazidi kupanuka. Ku kivuko wanamwita Baba Sangala. Juzi aliniambia, "Huyu ananijua, mama. Anakata nyavu yangu tu, za wengine anaziacha." Nikaangalia sufuria.

Lakini yeye na rafiki yake Anastase wamepanga, mwezi ikiwa giza wataenda kumufuata mbali, kule masoda, waaskari wa serikali, wanapiga risasi mutumbwi yoyote, wanasema ni waasi wanavuka. Nikisema kweli, atarudia kunyamaza. Nikinyamaza, atakufa sababu ya samaki yenye haiko. Nifanye nini? Usiandike jina yangu. Ya Célestine unaweza kuandika.

Mufunga shanga, Rugenge

*

Mama mufunga shanga,

Nimecheka, kisha nilipofika pale kwa masoda nikaacha kucheka. Jina yako nimeificha, lakini uniambie, Uvira iko na wanawake wangapi wa shanga wenye bwana wao anapigana na samaki? Hii gazeti ikifika ku kivuko, mwenye kujua kusoma atamusomea bwana yako. Iweke chini, uende umwambie weye mwenyewe, leo, kabla Anastase hajatia kafi ndani ya mutumbwi.

Usianze na kulia. Mupikie, akishashiba umupe mu mikono shanga yako nzuri kuliko zote, umwambie avute kwa nguvu. Ni muvuvi, ataujua uzi wake kabla hujafungua kinywa. Akikasirika, acha akasirike. Weye uliogopa kunyamaza, na mutu mwenye kugomba hanyamaze.

Na ukome kukata nyavu nzima, mama, hiyo ni chakula ya nyumba yako. Ku kivuko kuko nyavu zilizooza, waombe, ufue ule uzi na majivu. Mipira ya magurudumu ya camion, zile lori zilizokufa, kule njia ya Kamanyola zimelala kando ya barabara, ukipasua ndani unakuta nyuzi ngumu sana. Kisha umuombe bwana yako akufundishe fundo za wavuvi, ukifunga fundo moja nyuma ya kila mbegu, siku shanga inakatika itaanguka mbegu moja tu, na padri atamaliza misa. Mikono yenye imeshona tundu zako wakati huu wote inaweza kukufungia shanga vile vile, na akiwa anafunga ataongea.

Watacheka ku kivuko, hiyo sikufiche. Uende ukae karibu yake siku hiyo. Watamuuliza tena samaki ilikuwa kiasi gani, na minye namujua muvuvi, atapanua mikono. Uingie pale katikati.

Mama Hyacinthe