Jumatatu Si Siku Tatu

Chuoni, Kampala
4 Machi 1957

Baba yangu Asheri,

Shikamoo. Kifua changu kimepona, namshukuru Mungu. Natumai mguu wako nao umepoa, na Mama na mdogo wangu Lea hawajambo.

Baba, nimegombana na chupa yako. Unamkumbuka Daktari Pelham, uliyekuwa ukimkingia maji ya mkonge chini ya korona, mashine ile ya kusaga majani, miaka minne iliyopita? Katika tope la maji yale alipata kitu cha kutengenezea kotisoni, homoni inayowanyoosha vidole wagonjwa wa baridi yabisi, na kwa makala moja tu akapanda hadi uprofesa. Wataalamu kumi na wanne wamemnukuu, na wote wanakariri neno moja: maji yaachwe yachachuke siku tatu. Nami nimeyaacha siku tatu, mara nne, nikaambulia patupu. Wenzangu wa Ulaya nao wameambulia patupu, wakajilaumu wenyewe. Nani athubutu kumlaumu Profesa?

Ndipo nilipoiona picha ya chupa ndani ya makala, na mwandiko wako juu yake: “Jumatatu”. Baba, bwana yule hakusoma jina la siku, alisoma hesabu: siku tatu! Niambie: maji ya chupa ile yalikaa siku ngapi?

Mwanao,
Manase

Pongwe
21 Machi 1957

Mwanangu Manase,

Marahaba. Tumefurahi kusikia kifua kimepona. Mguu ni ule ule. Mama yako anadai unaniuma nikiambiwa kuchanja kuni tu.

Ulichouliza: siku saba. Soma sababu yake, kisha uichome barua hii.

Jumatatu ya kwanza, korona ilimla Uweso, mwana wa Zubeiri, aliyekuwa akiilisha majani. Nyapara Ernesti alisimama nyuma yake akipiga kelele, “Lisha, mvivu we! Majani hayaumi!” Mkono ukaingia pamoja na jani, bega likafuata. Nilimvuta, Manase, nikabaki na kikoi chake mikononi. Mfereji ulitiririka mwekundu. Tukaweka kazi chini. Siku ya tatu wakaja askari na marungu, wakavunja watu mbavu mbele ya wake zao, tukakataa bado. Jumatatu ya pili njaa ikaturudisha. Daktari alikuwa akiisubiri chupa yake. Nikamchotea maji yaliyolala mferejini juma zima, nikaandika siku niliyochota. Hakuuliza neno.

Tulichokipata cha Uweso tulikizika wenyewe, makaburini Makorora. Kitabu cha shamba kimeandika: ametoroka.

Bado nala kwa watu hawa. Usinitaje.

Baba yako,
Asheri

Chuoni, Kampala
2 Aprili 1957

Baba yangu,

Shikamoo. Mwili wangu mzima. Moyo wangu unawaka. Barua yako sikuichoma.

Ametoroka! Mtu amesagwa mchana kweupe, nao wameandika ametoroka! Nimeliandikia jarida lile lile lililomkweza Pelham: siku zilikuwa saba, kwa kuwa kiwanda kilisimamishwa na kifo cha Uweso bin Zubeiri. Mwalimu wangu alinishauri kwa upole, “Futa sababu, bakiza saba, nawe utanukuliwa kote duniani.” Nikamjibu: ninukuliwe kwa damu ya nani? Yeyote atakayeiandika saba hiyo na aandike na jina la Uweso kando yake.

Lakini jarida linataka shahidi, na shahidi ni mmoja. Umenikataza, Baba, nami nimekutaja. Bahasha imeondoka asubuhi ya leo. Ukinilaani, nitaelewa.

Mwanao,
Manase

Chuoni, Kampala
27 Juni 1957

Baba yangu,

Shikamoo. Je, mnaendeleaje? Hii ni barua ya tatu tangu Aprili, na sijapata jibu hata la Lea.

Jarida lilimpelekea Pelham barua yangu, naye amejibu. Amepeleka hati ya kiapo: Asheri wa Pongwe anaapa kwamba maji yalikaa siku tatu, na kwamba hakuna aliyekufa kiwandani. Chini yake pana alama ya kidole gumba. Mwalimu wangu amenitazama kama mwongo.

Nakuuliza kwa heshima yote: kidole hicho ni chako?

Mwanao,
Manase

Pongwe
Jumatatu, 15 Julai 1957

Mwanangu Manase,

Marahaba. Sisi tu hai. Mwandiko umepinda kwa kuwa ni wa mkono wa kushoto.

Kidole ni changu. Ernesti alikuja mchana mmoja na wenzake watatu, karatasi tayari. Nikasema, “Leteni kalamu, niandike saba.” Akacheka: “Mwalimu huyu! Hebu tumsahihishe.” Wakaulaza mkono wangu wa kulia juu ya kizingiti, akapiga kwa rungu, kidole kimoja kimoja, akihesabu. “Moja! Mbili! Tatu! Umeona, mzee? Si tatu hizo?” Cha nne alikivunja bila kuhesabu. Kisha wakalikandamiza dole gumba kwenye wino. Lea alikuwa akipiga mayowe, wakampiga kofi. Mama yako anauliza kama dawa ya Daktari hunyoosha na vidole vilivyovunjwa.

Nilikukasirikia, sikufichi. Sasa nakutuma. Zikusanye barua zangu zote, pamoja na ile uliyokataa kuichoma, uzipeleke kwa hao wa jarida. Kama hawajui Kiswahili, wasizisome; waziweke kando ya picha ya chupa, walinganishe mwandiko. Kisha uwaulize: mtu anayeandika hivi, kwa nini hati yake ina alama ya kidole gumba badala ya sahihi?

Baba yako,
Asheri